Makaburi Arobaini na Moja

Ukitoka Miono, ukaiacha barabara ya vumbi jekundu na kushika njia ya mashamba ya mananasi, utakiona Kilima Mbwera kabla hujaonyeshwa. Au tuseme ungekiona. Kilisimama peke yake katikati ya tambarare, ubavu mmoja mwamba mtupu, ubavu wa pili kijani, na aliyefika kileleni asubuhi isiyo na ukungu aliweza kuufuata Mto Wami kwa macho mpaka unapopotelea kwenye mikoko, na nyuma ya mikoko bahari, nyembamba kama uzi. Wazee wa Kikwere walizikwa huko juu tangu zamani. Inasemekana walitaka hata wakilala waendelee kuyaangalia mashamba yao, maana hawakuwaamini wajukuu. Walikuwa na haki ya kutowaamini.

Mwalimu Ishaka wa madrasa ndiye mtu wa mwisho aliyestahili kukitetea kilima kile, na ndiye aliyekitetea. Kampuni ya kokoto ilipokuja na vibali vyake, yeye ndiye aliyekaa akaandika barua ya kwenda wilayani, kwa mwandiko wake mzuri, kwamba kileleni kuna makaburi ya kale arobaini na moja, na kwamba mojawapo ni la mama yake mzazi, aliyezikwa pale yeye akiwa na miaka saba. Wilayani, tusiwadhulumu, walijibu vizuri. Walisema atakuja afisa wa mambo ya kale. Makaburi yakionekana, kilele kitawekewa mipaka na hakuna atakayekigusa.

Watu wakampongeza. Ishaka hakupongezeka. Makaburi hayakuwa yanaonekana, na aliyeyafanya yasionekane alikuwa yeye mwenyewe.

Mwaka wa tisini na tisa alirudi kutoka Tanga, kijana wa miaka ishirini na minne, amesoma miaka mitatu, kichwa kimejaa na kifua kimejaa zaidi. Siku zile, kila mwaka kabla ya mvua za vuli, wanawake walipanda kilimani wakiongozwa na mama yake mkubwa, Bi Kuruthumu, dada wa marehemu mama yake. Walichukua unga, maji na kitambaa cheupe. Walifagia makaburi, wakazungumza na wazee wao, wakashuka kwenda kulima. Kila kaburi lilikuwa na mawe mawili, la kichwani na la miguuni, na mengine yalikuwa na mabakuli ya kigeni yaliyofika huko enzi za misafara ya pembe. Ishaka akaona hiyo ni shirki tupu. Akakusanya vijana kumi na mmoja na mitaimbo, wakapanda, wakang'oa mawe yote, wakayabingirisha mpaka chini na kuyajengea msingi wa madrasa. Mabakuli yalivunjikavunjika, na hakuna aliyeyasikitikia.

Bi Kuruthumu alikuwapo siku hiyo. Hakulia wala hakulaani. Aliomba kitu kimoja tu, waliache jiwe la mdogo wake, yaani mama yake Ishaka. Ishaka akamjibu mbele ya vijana kwamba haki haina ndugu, na akaling'oa kwa mikono yake. Jibu hilo alijivunia kwa miaka mingi. Siku hizi akilikumbuka anasimama popote alipo na kufumba macho, hata kama ana jembe mkononi.

Tangu hapo akimwamkia shikamoo mama, Bi Kuruthumu huitikia marahaba. Zamani alikuwa akimwitikia marahaba mwanangu. Ishaka alidhani uzee umemfupishia maneno. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa, lakini Ishaka alikuwa mwalimu, na walimu wengine hudhani methali ni za wanafunzi.

Ilipobaki wiki moja afisa afike, alikwenda kwa mama yake mkubwa. Alimkuta uani anapepeta ufuta. Baada ya salamu alimweleza yote, barua, kampuni, afisa, na akamsihi. Kijiji kizima hakuna mwingine aliyejua nani kalala wapi. Apande naye Alhamisi, watambeba hata kwa kiti, aonyeshe tu kwa kidole.

Bi Kuruthumu alipepeta ungo mara mbili tatu, kisha akauliza kama huyo mtu mwenye daftari atapanda pamoja na Ishaka. Ishaka akasema ndiyo, yeye ndiye atakayemwongoza.

"Nimesahau," akasema Bi Kuruthumu.

Bibi mwenye miaka themanini na mitatu akisema amesahau, nani atambishia? Ishaka aliaga, akaondoka amekata tamaa, na njiani hakumlaumu hata kidogo. Alijilaumu mwenyewe, na katika hilo hakukosea.

Afisa aliitwa Bwana Abdullatif, kijana mwenye adabu. Ilikuwa Agosti, nyasi za kilele zimekauka, ardhi imelala tambarare kama mkeka. Ishaka alionyesha hapa, akabadili, akaonyesha pale. Alitambaa kwa magoti akitafuta vigae vya mabakuli, akapata vitatu, kila kimoja mahali tofauti. Bwana Abdullatif aliviweka katika mfuko wa nailoni, akasema kwa upole kwamba kigae hata mchunga mbuzi anaweza kukidondosha. Kuchimba kunawezekana, akasema, lakini hawezi kuomba wachimbe kilima kizima. Angalau aonyeshwe kaburi moja la kuanzia. Ishaka hakuwa nalo hilo moja. Jiwe la mama yake alikumbuka kuling'oa, lakini hakukumbuka aliling'oa wapi.

Walishuka mpaka kwenye madrasa. Ishaka alipiga magoti kwenye msingi, akaonyesha mawe marefu yaliyochongwa kichwani, akasema haya ndiyo yenyewe. Abdullatif aliyapapasa muda mrefu.

"Nayaamini, mwalimu," alisema. "Lakini hapa yananionyesha madrasa. Nani aliyaondoa kule?"

"Mimi."

Abdullatif hakuandika hilo. Alifunga daftari, akashukuru kwa maji ya kunywa, akapanda gari lake. Majibu yalikuja Septemba, nusu ukurasa.

Katapila lilipanda Oktoba. Kwanza lilikivua kilima udongo wake wa juu, pamoja na nyasi na miti, likausukumia bondeni kando ya njia, chungu kubwa kuliko nyumba. Kisha ikaja baruti. Kila adhuhuri vyombo vililia kabatini, kuku wakatawanyika, na watoto wa madrasa wakapoteza aya walizokuwa wakisoma. Baada ya mwezi mmoja ukitazama upande ule uliona mbingu mahali palipokuwa na kilele. Ishaka aliendelea kufundisha. Alikuwa akilala, akiamka, akila anachowekewa, na moyoni hakuna kitu.

Mvua za vuli zilifika katikati ya Novemba, zikanyesha siku nne. Siku ya tano Ishaka alikuwa anakwenda shamba. Alipofika kwenye ile chungu ya udongo akasimama.

Ilikuwa imechanua. Maua mekundu ya mvira, yale ya porini yanayotoka bila majani, kila moja ukubwa wa ngumi, yalikuwa yamejaa kwenye chungu nzima. Mengine yalisimama, mengine yalitokea ubavuni yameinama, mengine yalichungulia katikati ya mizizi iliyopinduka juu chini. Chini ya chungu, juu ya jiwe, alikaa Bi Kuruthumu na kanga iliyolowa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Ishaka alimuuliza anafanya nini pale amelowa. Bi Kuruthumu akasema amekuja kuwahesabu, kama afanyavyo kila vuli, ila mwaka huu hawahesabiki.

Kisha akamweleza, bila haraka. Mwaka ule ule wa mawe, mwezi haujaisha, alizunguka porini na kikapu akichimba vitunguu vya maua hayo. Alivichagua kwa sababu vina sumu, nguruwe hawavili. Alipanda peke yake, akafukia kimoja kimoja pale lilipokuwa jiwe la kichwani, kabla mashimo hayajajifunika. Vikazaana, kila kimoja kikawa fungu pale pale kilipofukiwa. Kiangazi havionekani kabisa. Mvua ya kwanza ikinyesha, wote arobaini na mmoja huinuka. Wachunga mbuzi waliyaona miaka yote, lakini ua la porini nani huuliza limetoka wapi?

Ishaka alikaa kwenye matope.

"Kwa nini hukuniambia, mama? Agosti nilikuja mpaka uani kwako. Nilikusihi."

"Ulikuja kuniuliza walipo," alisema Bi Kuruthumu. "Mara ya kwanza ulikwenda na mitaimbo. Mara hii ulikuja na mtu wa kupima. Mimi ningejuaje kuwa safari hii hukutaka kuwamaliza?"

Hakulisema kwa hasira. Ishaka angependa hasira, ingempa pa kushika. Akamtazama yule mzee, akaona kuwa naye analia, na kwamba analilia kosa lake mwenyewe, kwa kuwa laiti angesema neno moja siku ile ya kupepeta ufuta, kilima kingekuwa pale.

"La mama yangu ni lipi?"

"Lilikuwa la tatu kutoka kwenye mwamba, upande wa kibla." Bi Kuruthumu alitazama kule juu kulikokuwa na mwamba, akarudisha macho chini. "Sasa hapa sijui. Sijui, nisikudanganye."

Katapila la kupakia lilikuwa limewasili njiani na lori nyuma yake. Udongo ule ulikuwa unakwenda kujaza mabonde ya barabara kuelekea Chalinze. Dereva alipiga honi mara moja, kwa heshima, akingoja wazee waondoke.

Ishaka aliinuka kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Alipanda chungu kwa mikono na miguu, angalau aokoe moja, akashika ua lililokuwa karibu, akalivuta. Likang'oka lote, na kitunguu chake, na bonge la udongo mwekundu.

"Hilo umeling'oa la nani, mwanangu?" aliuliza Bi Kuruthumu.

Ishaka alisimama nalo mkononi, akatafuta shimo ua lilikotoka, na udongo ulikuwa umekwisha kuporomoka na kulifunika.