Mkono wa Oloo

Tangu matokeo ya kura yatangazwe, Syombua hakuwa ameuza hata fungu moja la mboga za sukuma. Njia ya kutoka Silanga, mtaa wao, ilifungwa kwa mawe na matairi yanayowaka, na vijana walishaanza kuulizana nyumba za Wakamba kama yeye ni zipi. Jirani yake Awiti alikuwa Mjaluo kama vijana hao. Alileta mkeka na pakiti ya karata, akaketi mlangoni kwa Syombua kutwa nzima, mahali ambapo kila mpita njia angemwona.

"Tucheze," alisema. "Wakinikuta hapa, wataanza na mimi."

Walikuwa watatu, wao na Nyamai, kakake Syombua. Lakini Awiti aligawa kadi za watu wanne. Wa nne alikuwa mumewe Oloo, aliyekuwa ameenda kazi ya mjengo Kawangware kabla ya vurugu, na simu yake haikuwa ikipatikana.

"Atacheza aje na hayuko?" Nyamai aliuliza.

"Zamu yake ikifika, funua ya juu kwenye kadi zake. Ikikataa kuendana na iliyo mkekani, muokotee nyingine."

Siku ya kwanza mkono wa Oloo, zile kadi zake, uliposhinda, walicheka. Kesho yake ukashinda tena. Kila kadi waliyomfunulia ilikubali, maua juu ya maua, saba juu ya saba. Nyamai akachanganya karata mpaka vidole vikamuuma, akagawa mwenyewe. Oloo akashinda. Hapo kicheko kikaisha, lakini hakuna aliyethubutu kumnyima kadi, maana Awiti sasa alikuwa ameanza kupata usingizi usiku.

Alasiri moja, moshi ukipanda upande wa Kianda, Oloo alibakisha kadi moja. Kwa kawaida mchezaji hutangaza "niko kadi" kabla ya kumaliza. Wakatazamana. Nani amsemee?

"Niko kadi," sauti ya mwanamume ikasema nyuma ya mabati, kwenye chumba cha Awiti.

Sauti ilikuwa ya uchovu. Mkeka mzima ukanyamaza. Awiti akainuka, akaenda kufungua kufuli yake. Ndani mlikuwa na joto, kitanda kilichotandikwa, na hakuna mtu. Akarudi, akakaa.

"Mfunulie," akasema.

Syombua akafunua. Ilikubali.

Barabara zilipofunguliwa, Oloo alirudi kwa miguu, amekonda, sikio limefungwa kitambaa. Alisema alijificha na wenzake katika stoo ya mjengo, wamelala chini ya magunia ya simiti, hawana la kufanya. Hakuna aliyemgusia habari za karata. Awiti alipotoka kuteka maji, Oloo akamgeukia Syombua.

"Ile siku mlinyamaza kwa nini?"

"Siku gani?"

"Nilisema niko kadi, kule stoo, mkanyamaza wote. Nikajua mmeuawa."

Syombua akachukua kikombe. Akammiminia uji, akampa kwa mikono yote miwili, akakaa karibu naye mpaka alipomaliza kunywa.