Familia Iliyookwa Pamoja

Fundi alikuwa akichonga sikio la kushoto la Mzee wakati Mzee mwenyewe alipopita dirishani, akienda kwa kinyozi. Sikio lilikuwa la udongo wa plastiki, ule unaouzwa vipande vipande na kuokwa kwenye oveni ya kawaida ya jikoni. Mzee alisimama kumsalimia muuza magazeti. "Hujambo, mwanangu?" Akamsalimia na msichana wa saluni. "Hujambo, mwanangu?" Kisha akachungulia ndani na kusema, "Hujambo, fundi." Fundi akampa shikamoo yake, akahamia sikio la kulia.

Mtaa mzima ulijua kwamba fundi ni binti wa Mzee. Haikuwa siri. Ilikuwa adabu tu, kujua na kunyamaza. Pua ilikuwa ile ile, yenye kigongo katikati na pana chini, na pua haivishwi kofia. Mzee aliwaita wanawe watu wote aliowazidi umri, hata askari aliyemsimamisha barabarani, na neno lenyewe halikumpotezea kitu. Kwa kadiri fundi alivyojua, ni yeye peke yake aliyenyimwa. Zamani, kabla hajajua ufundi wowote, alikuwa akiitwa "wewe binti". Alitaka kuitwa mwanangu mara moja tu, hata kwa bahati mbaya.

Kazi ililetwa na mke wa Mzee. Mume wake alikuwa anatimiza miaka sabini, naye alitaka familia nzima ya udongo ikae kwenye kabati la vioo sebuleni: baba, mama na watoto wao watatu. Alileta picha, akaeleza nani avae nini. "Familia nzima," alirudia, macho yake yakiwa kwenye pazia.

Sasa, udongo huu si wa aina moja. Upo mgumu, unaoshika umbo lakini hutaka moto mkali. Upo laini, unaokandika upesi na kuungua upesi. Upo na ule wa kung'aa, ambao ukizidishiwa moto kidogo hugeuka rangi ya chai. Fundi mwenye akili huoka kila aina peke yake, halafu huunganisha kwa gundi. Wengi hufanya hivyo kwa kuogopa kuunguza. Fundi wetu alikuwa na sababu nyingine. Oveni yake, ikiwekewa udongo wa aina tofauti kwa pamoja, ilitoa watu zaidi ya walioingia.

Ilianza na timu ya mpira ya shule, akatoka pia mchezaji aliyekalishwa benchi msimu mzima, amenuna. Wakaja maharusi. Waliingia wawili, wakatoka watatu, na yule wa tatu alikuwa na begi mkononi. Bwana harusi alimtazama huyo wa begi, akasema hayo ni ya zamani, akaomba afungiwe wawili tu. Wote waliotoka bila kuitwa waliishia juu ya friji, na mama yake fundi aliwapangusa vumbi kila Jumamosi.

"Kitanda hakizai haramu," mama alikuwa akisema, "na oveni ni vivyo hivyo."

Kwa kazi hii ya Mzee, fundi aliwapanga wote kwenye kigae kimoja. Mzee alikuwa wa udongo mgumu, maana fimbo na pua vinataka kitu kinachoshika. Mkewe alikuwa wa udongo laini, kwa ajili ya mikunjo ya gauni. Watoto walikuwa wa kung'aa. Mama akaja na kikombe chake cha chai, akaegemea mlango.

"Unawaoka pamoja?"

"Pamoja."

"Utaunguza mke wa watu."

"Nimeshusha moto. Watakaa muda mrefu tu, na nimewafunika na foili."

Mama akapuliza chai. "Mzee hataiva kwa moto wa mkewe."

"Kwani aliwahi kuiva?" fundi akasema, akafunga mlango wa oveni.

Hakujidanganya kuhusu alichokuwa akikifanya. Alitaka naye atoke pale, wa udongo, akiwa amesimama karibu na baba yake, apelekwe sebuleni, halafu aone huyo baba atamkana vipi mbele ya wageni. Aliifuta meza ambayo tayari ilikuwa safi. Muda ulipotimia alizima moto lakini hakufungua, kwa sababu udongo ukitolewa ghafla hupasuka.

Alipofungua, alijikuta mle ndani. Alikuwa na aproni yake yenye madoa, mkono wa kulia juu ya bega la Mzee, na pua imetoka vizuri sana. Mke wa Mzee hakuungua. Lakini nyuma yao alisimama mwanamume mwenye kofia na funguo za gari, naye pua ilikuwa hiyo hiyo.

Mama alimwinua akamsogeza kwenye mwanga. "Huyu si dereva wao?"

"Ndiye."

"Lo, mzee yule! Ndiyo maana naye haitwi mwanangu." Mama alicheka mpaka chai ikamwagika. Kisha akasema kwamba miaka yote alidhani amedanganywa peke yake, na kwamba kugundua hivyo uzeeni kunaudhi.

Aliyetumwa kuchukua mzigo alikuwa dereva. Fundi hakumficha. Dereva alijiangalia kwa makini, mbele na nyuma.

"Kofia umeipatia," alisema. Halafu akavua ile aliyovaa. "Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Wakasaidiana kuwafunga kwenye pamba.

Mke wa Mzee aliwapokea bila ugomvi. "Huyu wa kofia nilikuwa namjua," alisema. "Wa aproni nilikuwa nabahatisha." Akawaweka hao wawili rafu ya chini, karibu na birika lililopoteza kifuniko. Asubuhi walikutwa juu na wenzao. Akawashusha, wakapanda tena. Alikuwa na magoti mabaya, hakuweza kuinama kila siku, akawaacha. Wageni wa sherehe walisifu kazi na kuuliza hao wengine ni kina nani. Mzee akajibu kwamba nyumba kubwa haikosi watu.

Dereva akazoea kupita kwa fundi kunywa chai, na habari zikaja naye. Alisema kwamba Mzee, akiamka, husimama kwanza mbele ya kabati. Siku za mwanzo aliwasalimia watatu wake. Siku hizi anawasalimia wote. "Umeamkaje, mwanangu?" humwambia yule wa aproni, naye humjibu, "Salama, baba. Shikamoo." Mzee humweleza maumivu ya mgongo. Juzi alimwomba ushauri kuhusu rangi ya geti. Kisha hutoka nje na kusema, "Dereva, washa gari."

Fundi aliweka kikombe chini. "Na mimi nilimshauri rangi gani?"

"Kijani."

"Si vibaya."

Alisema hivyo kwa utani, lakini usiku ule hakula.

Haukupita muda mrefu, Mzee mwenyewe akaingia dukani kwa fundi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikuwa amebeba leso kwa mikono miwili. Akaifungua juu ya meza taratibu.

"Fundi," alisema, "mwanangu amevunjika mkono."

Ulikuwa mkono wa kulia, ule uliokuwa begani kwake. Fundi aliugeuza kipande kwa kipande.

"Ilikuwaje?"

"Aliteleza akishuka kunisalimia."

"Pole yake. Anaitwa nani?"

Mzee akataja jina la fundi. Alilitaja lote, la kwanza bila kusita, na la pili akaweka la kwake mwenyewe. Fundi akasubiri. Mzee aliangalia oveni, akaangalia watu waliojaa juu ya friji, akaangalia pua ya fundi, akakunja leso yake.

"Mshike polepole," alisema. "Hakuzoea kuumizwa, huyo."

"Sawa, mzee."

"Nitampitia jioni, fundi."

Akatoka. Fundi akakata kipande cha udongo, akakikanda mpaka kikalainika. Akaupima mkono mpya kwa kuutazama wa kwake, akawasha oveni.