Barua Tatu kwa Mlezi

Mfumo wetu wa kompyuta ni wa bure. Yeyote anaruhusiwa kuufungua na kuurekebisha, na kwa miaka mingi yeyote alikuwa akitupia humo takataka zake. Programu zake huja katika vifurushi, na kila kifurushi kina mlezi, mtu aliyejitolea kukitunza. Nusu ya walezi hao walikuwa wameshaingia mitini. Vifurushi vyao vilibaki vikioza, milango wazi kwa wezi wa mitandaoni. Mimi nawachukia watu wanaobeba jukumu halafu wanapotea. Kwa hiyo nilipopewa kazi ya kubuni utaratibu mpya wa vifurushi, nilijua pa kuanzia.

Kanuni yangu ilikuwa fupi. Kila baada ya miezi mitatu mlezi anaandikiwa barua pepe: "Mlezi, bado upo?" Asipojibu kwa wiki moja anaandikiwa ya pili, halafu ya tatu. Akizidi kunyamaza, kifurushi chake kinaondolewa kwenye kila mashine inayotumia mfumo wetu, popote ilipo, bila kumuuliza mtu.

"Na mlezi akiuguliwa je?" aliuliza mwenzangu wa meza ya pili. Tulimwita Taratibu, maana hata chai aliinywa kwa mafungu.

"Kuandika 'nipo' kunachukua sekunde ngapi?"

"Dada, basi tuwaonye kwanza wenye mashine. Wape hata siku mbili."

"Ungeachiwa wewe, mpaka leo tungekuwa tunachonga mawe."

Ofisi nzima ilicheka. Yeye aligeukia kompyuta yake, na kanuni ikapita kama nilivyoiandika.

Kaka yangu, fundi wa mitambo hospitalini, alijivuna hadi nikaona haya. Aliuweka mfumo wetu, na utaratibu wangu ndani yake, kwenye mashine zote za kupumulia. "Kazi ya mdogo wangu hiyo," aliwaambia manesi.

Miezi mitatu baadaye mama yetu akalazwa kwenye wodi ya mashine hizohizo, mapafu yamegoma. Nikaaga kazini, nikazima simu, kompyuta ikabaki kwenye begi. Skrini ya mashine yake tuliigeuza ikatazama ukuta, kwa kuwa mwanga ulimnyima usingizi.

"Haina shida," nesi alisema. "Hewa ikipungua tu, kengele italia."

Ililia kweli, mara mbili tatu kwa siku, nasi tukaruka kila mara. Programu ya kengele hiyo niliiandika mimi nikiwa chuoni. Mama alijua, na kila ilipolia alinikonyeza kwa jicho moja.

Wiki ya tatu ilipokwisha, wodi ikatulia. "Leo wamelala kama watoto," nesi alisema akipita. Mama alikuwa amelala tangu asubuhi, uso kaugeuzia dirishani, na kwa mara ya kwanza moyo wangu ulishuka mahali pake. Saa nane mchana nikatoa kompyuta nipoteze muda.

Barua zilikuwa tatu. "Mlezi wa kengele, bado upo?" Ya nne ilikuwa ya siku hiyo, saa nne asubuhi: "Mlezi hakujibu. Kifurushi kimeondolewa kwenye mashine zote. Asante kwa utumishi wako." Hayo ya asante niliyatunga mwenyewe, nikiona ni adabu.

Niliinua kichwa. Vitanda tisa, na tangu asubuhi sikuwa nimesikia mlio hata mmoja. Nikaigeuza skrini ya mama. Nambari zilikuwa nyekundu, zikiwaka na kuzimika bila sauti.

Nikaushika mkono wake, nikapiga ukelele. Nesi akaja mbio.

"Nenda kwa wengine!" nilimwambia. "Vitanda vyote, uangalie kwa macho. Kengele hazipo."

Alinitazama, akautazama mkono niliokuwa nimeushika, akakimbia. Nikabaki na mama. Mkono ulikuwa umeshapoa.

"Mama, upo?"

Nikamwita tena. Nikamwita mara ya tatu, halafu nikangoja.