Maneno ya Jiwe la Lorena

Mzee Orrin Tuttle aliingia chumba cha nyaraka ninachokitunza, na theluji viatuni. Nikamwamuru avue koti, kalamu ya wino aiache mlangoni, na peremende aimalizie nje.

"Lorena alikuwa anakula humu humu," akanung'unika.

"Alikula kwa kunificha. Wewe huna ujanja wake. Kaa."

Lorena, mkewe, alifariki mwezi uliopita. Miaka mingi tulifanya kazi pamoja, yeye akizipiga chapa barua za Keziah Thornlow, mshairi wa mji wetu huu wa Massachusetts, aliyeishi karne ya kumi na tisa akimlilia binamu yake baharia. Kiti cha Lorena nilikuwa sijathubutu kukisogeza.

"Fundi wa mawe anataka maneno ya kuchonga kwenye jiwe la kaburi lake," Orrin akasema. "Nayataka yale aliyoniambia kila alfajiri nikitoka na lori la kusukuma theluji: *Ukitoka, nyumba hii hunizidi ukubwa.* Ni ya huyo Keziah wenu. Lakini fundi hachongi maneno ya mtu bila jina lake chini, na anataka ajue ni barua ipi. Nitafutie."

"Nawe ulikuwa ukimjibu nini?"

"Nimjibu nini tena? 'Haya, mshairi wako kaanza.' Anacheka, naenda zangu."

Nikatafuta kwenye kompyuta, hola. Akasema mashine ni mvivu kama mkwewe. Basi nikamletea makasha ya barua, moja baada ya jingine, naye akasoma kutwa nzima, kidole kikifuata mstari bila kugusa karatasi. Keziah aliutamani upepo urudi na binamu, akaitamani hata kofia yake iliyolowa. Mara mbili Orrin alitoa leso. Nilijifanya natafuta miwani.

Barua ya mwisho ilipokwisha, aliigeuza nyuma, kisha akanitazama.

"Haimo."

"Haimo, Orrin."

"Pengine kuna iliyopotea."

"Alikuambia lini kwamba ni maneno ya Keziah?"

Akafikiri. "Hakuniambia. Nilidhani tu. Maneno mazuri vile, nani mwingine angeyasema nyumbani kwangu?"

Sisi watu wa huku tunaona haya zaidi kutamka mapenzi kuliko kukutwa uchi. Mume anakupasulia kuni, mke anakufungia kipande cha pai, hayo ndiyo mapenzi, yamekwisha. Lorena alijipa moyo kila alfajiri akasema, na mumewe akampa sifa mwanamke aliyekufa zamani. Naye Lorena akacheka! Nilimkasirikia Orrin, nikamhurumia, yote kwa pamoja.

"Kumbe alikuwa ananiambia mimi," akasema.

"Wewe. Nani mwingine?"

Akaiweka mezani ile mikono yake mikubwa ya dereva.

"Mtu akiambiwa hivyo, anajibu nini?"

Nimesoma barua za mapenzi maisha yangu yote; nikaanza kuzirudisha za Keziah kashani.

Kisha akauliza ufunguo wa kijumba cha makaburini anao nani. Kwetu, ardhi ikiganda hapachimbiki. Jeneza huwekwa humo mpaka masika. Lorena alikuwa bado hajazikwa.

"Anao mchungaji," nikamwambia.

Akatoka kwa haraka, mzee yule, koti kaliacha, kwenda kumjibu mkewe.