Mikono ya Bi Rkiya

"Hata paka hawali, Bi Rkiya! Tazama mwenyewe, wamenusa wamekimbia!"

Heniya alikuwa amesimama uani, sahani mkononi, kuskusi ya Ijumaa, ngano iliyopikwa kwa mvuke, imemwagwa chini karibu na bomba. Sisi wapangaji wengine tukatoka na nguo mbichi begani. Kufua kunangoja, ugomvi haungoji.

"Nimekuletea kama ninavyowaletea wote," alisema Rkiya. "Miaka ishirini na miwili nawaletea."

"Na miaka ishirini na miwili tunamwaga, shoga! Waulize hawa."

Hakuuliza. Alitutazama mmoja mmoja, na kila mmoja wetu akapata kitu cha kutazama kwingine.

Rkiya huosha maiti za wanawake. Na hapa mjini Sale, Moroko, nani asiyejua habari za kuskusi iliyovurugwa kwa mkono wa maiti, mwanamume akiila anakuwa zoba?

"Mume wangu alikula kwako mwezi wa Shaabani," Heniya alifoka. "Leo yuko wapi?"

"Yuko Tanja, kwa mke mpya," mtu akanong'ona. Tukacheka chinichini.

Kucheka tulicheka, lakini alasiri ile Heniya alipopita na karatasi ya kumpelekea mwenye nyumba, tuliandika majina sote. Rkiya akapewa hadi mwisho wa mwezi ahame.

Mwanamke yule alikuwa na imani yake, hakuisoma popote. Ameosha mke wa kadhi, ameosha muuza minti, malaya na mcha Mungu. Goti ni goti. Ngumi ya maiti hailazimishwi: unaimwagia maji ya uvuguvugu, unasugua kifundo polepole, mwisho inafunguka. Hajaona ambayo haikufunguka. Ndiyo maana aliamini mtu ameumbwa na wema ndani, unangoja joto tu.

Jumanne alfajiri mama yake Heniya akafariki. Mwosha mwingine wa mtaa alikuwa Meknesi, bintiye amejifungua. Wa ng'ambo ya mto, aliposikia ni nyumba gani, alikataa: hatii mkono wake mahali anapoishi Rkiya. Ikafika saa sita mchana, jua kali. Ghorofani wanawake walizidisha udi kuificha harufu.

Heniya akashuka ngazi, akasimama mlangoni kwa Rkiya. Rkiya alikuwa kwenye mkeka, bakuli la dengu mbele yake.

"Bi Rkiya, mama…"

"Nimesikia. Mungu amrehemu."

"Wanazika baada ya alasiri. Nakuomba. Ile karatasi nitaichukua kwa mwenye nyumba, nitaichana."

"Washeni jiko, mpashe maji."

Rkiya aliitazama mikono yake kama anavyoitazama ya wengine. Akautafuta ndani yake ule wema aliouamini miaka yote. Alikuta kitu kigumu, baridi, na alipokigusa kilikuwa kitamu. Hilo ndilo lililomtisha, lakini hakukiachia.

Alimega mkate, akauchovya kwenye dengu, akaufinya kwa vidole vitatu mpaka mchuzi ukamtiririkia kiganjani. Akaunyoosha kuelekea mlangoni.

Heniya alirudi nyuma hatua moja. Juu, mtu alimwita kwa jina, akilia.

"Mama yako nitamwosha," Rkiya alisema taratibu. "Sijamnyima mtu maji, sitaanza na yeye. Lakini siinuki hapa kabla hujala."

"Bi Rkiya, kwa Mungu…"

"Vua viatu, mwanangu. Ingia ule."