Bei ya Pande Mbili

...upande mmoja au pande mbili, mpiga picha ameuliza, na yeye, fundi cherehani ambaye maisha yake yote hupima watu kwa tepu, anazihesabu sarafu upya kwa kidole, maana bei ameshaisikia, upande mmoja wa sarafu moja ni sawa na sketi moja ya shule, kukata, kushona na kupiga pindo, na sarafu ziko kumi na tisa, pande mbili kila moja, sketi thelathini na nane, mgongo unauma kwa hesabu tu... lakini si bei inayomsumbua, bei alikuja nayo, iko kwenye mkoba, imefungwa kwenye leso, mnunuzi wa sarafu za kale aliwaambia wazi kwamba picha za simu hazitaki, waende kwa mtu mwenye kamera na taa za kazi hiyo, uso na mgongo, ndipo wazungumze, naye akasema sawa, akashona msimu mzima hadi kidole kikaota sugu, maana sarafu za marehemu baba zikiuzika mama atatolewa mtoto wa jicho, macho yote mawili, huo ndio mpango, na alijisifu nao mpaka majirani wakamchoka... ni hili swali la pili. "Dada, hizi mmezisugua?" mpiga picha ameuliza kwa sauti ya chini, akitupa jicho mlangoni, mama alikokaa kitini chini ya feni inayokoroma, kisha akageuza kompyuta ili fundi aone, na sarafu ya kwanza, aliyoipiga kwa majaribio, imejaa pale, kubwa kama sinia, na sinia zima ni mikwaruzo, kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. "Watu wa sarafu wanautaka ule weusi wa miaka mingi, ukishautoa haurudi. Hizi hawatazigusa. Nikipiga zote nitakuwa nimekula hela yako bure." Mtu mkweli, Mungu amlipe, lakini si angekuwa tapeli kidogo tu, leo tu, angalau fundi angepata wa kumfokea... amfokee nani sasa, wakati mwenye wazo ni yeye, limau ni lake, dawa ya meno ni yake, ni yeye aliyesema mama, tutapelekaje vitu vichafu kwenye picha, utadhani ni mtoto anayepelekwa studio bila kupakwa mafuta, na mama, ambaye tangu mazishi alikuwa amelala tu akiutazama ukuta, chai inapoa, uji unapoa, mama huyo akaamka, akakunja mikono ya gauni, akaenda mwenyewe kuchukua mswaki wa marehemu, ule aliokataa utupwe, akaketi mezani akasugua, na ya kwanza ilipotoka nyeupe akaisogeza hadi puani, kwenye lile jicho lenye nafuu kidogo, akapiga kelele, naiona! mwanangu, hii naiona! wakacheka wote wawili, wakasugua hadi ya kumi na tisa, na siku hiyo mama alikula akaomba aongezwe... na baba alisema, Mungu wangu, baba alisema, mkata tiketi yule aliyeziokota moja moja kwenye chenji za abiria, akaziweka kwenye kopo la majani ya chai, usishike uso, shika ukingoni, iache na uchafu wake! nao watoto wakichekea jikoni, baba ni bahili hata wa uchafu, angeeleza basi, neno moja tu, lakini baba na maelezo wapi na wapi... "Nifanyeje, dada?" anauliza mpiga picha, sarafu ameishika ukingoni, vilevile kama baba, na mkono wa fundi umeingia mkobani wenyewe, umeikamata leso, ngumu, nzito, sketi thelathini na nane, na hapo ndipo anakumbuka kile kikaratasi cha hospitali, bei ya jicho moja, alikikunja akakisahau kwa sababu alitaka yote mawili... jicho moja, ee, jicho moja linalipika humu na chenji ya nauli inabaki, msimu mzima amebeba jicho la mama mkononi akiliita bei ya picha, mjinga wee... anataka kucheka, lakini anamjua mama yake, siku bandeji ikitolewa hataomba kioo, ataomba lile kopo, atazishika za mumewe moja moja karibu na dirisha, na jicho zima litaona walichokifanya, kila mkwaruzo... anaogopa, anaogopa kweli, na bado anaitaka siku hiyo kuliko alivyowahi kutaka kitu, aone, amgombeze, alie, amtupie kopo zima, mradi aone... "Anasemaje huyo?" mama anaita kutoka mlangoni, amenyoosha shingo kuzifuata taa, na mpiga picha anamtazama fundi, bado anangoja, na leso bado imo mkononi. "Anasema zinang'aa, mama." "Si nilikwambia," mama anasema, na anajiweka sawa kitini, ametosheka, "hata mimi naziona."