Majibu ya Mla Misumari

Saa mbili na nusu asubuhi msahihishaji alivaa miwani, akavuta kiti karibu na dirisha, akaanza kusoma kwa sauti: "Rafiki yangu, koma, ewe mla misumari, koma, jino limenikumbuka tena, nukta." Mbele yake aliketi mwenzake, mzee ambaye ofisi nzima ilimwita Bwana Koma, akifuata prufu, nakala ya majaribio ya kitabu, kwa ncha ya penseli. Ndivyo walivyosahihisha vitabu kwa miaka kumi na tisa. Mmoja anasoma maandishi ya asili na alama zake zote, mwingine anawinda makosa.

Safari hii kazi haikuwa kazi. Zilikuwa barua thelathini na moja ambazo mwandishi ambaye msahihishaji alimpenda tangu shuleni alimwandikia rafiki yake, fundi viatu aliyeshinda na misumari mdomoni. Wote wawili walikuwa wameshafariki. Kwenye riwaya zake mwandishi alikuwa mtu wa heshima zake, vifungo vyote vimefungwa. Kwenye barua alikaa bila shati. Alilalamikia jogoo wa jirani, alikiri kwamba mama mkwe alimtia baridi, alisimulia jinsi sura ya saba ilivyomgomea wiki nzima kama punda. Msahihishaji alicheka mpaka akavua miwani na kuifuta. Alijiona kama mgeni aliyekaribishwa jikoni, si sebuleni.

Kitu kimoja tu kilimkereketa: majibu ya fundi hayakuwepo. Mwandishi hakuyatunza. "Umenivunja mbavu na kisa cha bibi harusi na kandambili," aliandika, basi. Kisa gani hicho?

"Ni kama kumsikiliza mtu anaongea na simu," msahihishaji alisema.

"Udaku utakuua, dada. Endelea."

Saa nne walikwenda kunywa chai. Waliporudi, barua ya kwanza ilikuwa imejibiwa. Mgongoni mwa karatasi, palipokuwa peupe kwa miaka arobaini, palijaa mwandiko mnene wa penseli butu, ile ya kuchorea ngozi. Fundi alitoa pole ya jino, akashauri maji ya chumvi, kisha akaeleza kisa cha bibi harusi mwanzo mpaka mwisho. Bwana Koma alikisoma mara mbili.

"Hana koma hata moja," alisema kwa masikitiko.

Ikawa ndiyo desturi. Barua ikishasomwa kwa sauti, wao wakienda chai, jibu lilikuwa tayari wakirudi. Msahihishaji alikunywa chai kwa pupa mpaka akaunguza ulimi. Siku ya tatu mazoea yakamponza. Alishika kalamu nyekundu akampachikia fundi koma kumi na mbili. Baada ya chai zote zilikuwa zimekatwa, na chini yake fundi ameandika: "Mama nilipumua pale nilipotaka"

Bwana Koma alikubali kwamba mtu huyo ana hoja, ingawa ilimuuma kukubali.

Jibu la barua ya ishirini na tatu lilihusu viatu vya karani mmoja wa mahakama. Katikati yake fundi aliandika: "Soli ya mtu huliwa upande anaouegemea akidanganya". Msahihishaji aliweka karatasi chini. Sentensi hiyo aliijua. Ilifungua riwaya maarufu kuliko zote za mwandishi. Alipokuwa na miaka kumi na minne aliinakili kwenye jalada la daftari lake. Watoto waliulizwa kwenye mitihani mwandishi alikusudia nini. Ilichongwa kwenye kaburi lake.

Akafungua barua iliyofuata. "Ile yako ya soli nimeichukua, koma, nimeiweka mwanzo kabisa wa kitabu, nukta. Najua hutajali, nukta."

Alikwenda rafuni, akaitoa riwaya, akatafuta ukurasa wa shukrani. Mwandishi aliwashukuru watu kumi na mmoja na mbwa wake. Fundi hakuwemo.

Baada ya chai ya siku hiyo mgongo wa barua ulikuwa mtupu. Kesho yake pia. Sasa, msahihishaji akiwa na shaka huandika swali pambizoni, mwenye maneno ajibu. Basi akaandika: "'Najua hutajali.' Tafadhali thibitisha." Wakatoka. Chai yake ilipoa bila kuguswa. Waliporudi, palikuwa na neno moja.

"Nilijali."

"Ameweka nukta," Bwana Koma alisema polepole.

Msahihishaji aliona aibu, kana kwamba alikuwa akicheka msibani. Alimkasirikia mwandishi kama mtu anavyomkasirikia baba yake, yaani bila kuacha kumpenda. Akazibeba barua zote hadi kwa mhariri mkuu.

Mhariri mkuu alizigeuza moja moja. Kwenye kisa cha bibi harusi alicheka sana.

"Fundi wa watu! Lakini mkataba ni wa barua za mwandishi, dada. Upande wa mbele."

"Basi tuweke jina lake tu, bosi. Tanbihi moja, pale penye sentensi yake."

"Nani kathibitisha kuwa ni yake?"

"Mwenyewe. Nimemuuliza, kajibu."

"Maswali ya prufu hujibiwa na mwandishi. Huyu ni mwandikiwa."

"Mwandishi amekufa."

"Na huyu je?"

"Naye amekufa. Lakini amejibu."

"Amejibu nje ya utaratibu," alisema mhariri mkuu, bila ubaya wowote, akamrudishia barua zikiwa zimepangwa vizuri.

Walimaliza Ijumaa. Barua zikarudishwa kwenye boksi lake, na ndani ya boksi penseli iliendelea kukwaruza taratibu, maana fundi alikuwa bado ana la kusema. Mezani ilibaki fomu ya kuruhusu kitabu kikachapwe, ambayo wasahihishaji wote wawili hutia saini chini ya maneno haya: "Tumesoma yote. Hakuna kosa lililobaki."

Bwana Koma alitia saini kwanza, akamsogezea kalamu. Msahihishaji aliyasoma maneno yale kwa sauti, na nukta zake zote mbili, akatia saini.